Njia Niliyoipa Namba

Motari aliyenileta Itebero alitaka kusimamisha pikipiki yake katikati ya uwanja wa kilio, pale palipokuwa peupe, nami nikamshika bega nikamwambia asithubutu. Alinishangaa. Pikipiki za waliokuja kuzika zilikuwa zimepangwa kushoto na kulia, zimebanana mpaka usukani unagusa usukani, na katikati pameachwa njia tupu yenye upana wa kupita lori, toka mlango wa nyumba mpaka barabarani. Gari lenyewe halikuwapo hata moja. "Mama, si place iko pale?" akasema. Nikamjibu kwamba pale si place, nami nilikuwa nimekwisha kumwona mzee aliyeipanga njia ile. Alikaa kwenye kiti cha mianzi kando ya mlango, fimbo katikati ya magoti, kichwani kofia ileile ya sufu, au dada yake. Papa Hangi. Nilikuja kumzika Mama Kavira, na moyo nilikuwa nimeuandaa kwa machozi ya Mama Kavira tu. Hakuna aliyeniambia kwamba mlinzi wake alimfuata mpaka huku msituni.

Nitasema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Mwaka wa mwisho wa masomo yangu, nikiwa Mweso, upande wa Masisi, nilitengeneza programu ya simu ya kukatia nafasi malori katika yadi ya Mama Kavira. Yadi ile ilikuwa na njia moja iliyoachwa tupu siku zote. Mimi nikaigawa vipande vinne nikavipa namba. Kwa sababu ya namba zile Papa Hangi alipoteza mke. Tangu siku hiyo imepita miaka kumi na miwili, nimeanza kuota mvi, ninafundisha watoto wa watu informatiki hapa Walikale kwa masini tatu, yaani kompyuta, zinazowaka zikitaka, na nina sentensi moja ya kumwambia mzee yule ambayo haijawahi kutoka kinywani. Nisamehe, Papa, nilijua. Ni maneno matatu tu, hata mtoto wa chekechea angeyasema.

Somo lenyewe sikulichagua. Direktere wa travay yangu, yaani mwalimu aliyenisimamia kuandika kazi ya mwisho ya masomo, alikuwa mtu wa Goma, mwenye viatu visivyojua tope. Aligawa masomo kama mtu anayegawa viazi: wewe duka la dawa, wewe maktaba, wewe Riziki kukata nafasi za parkingi. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mimi ninarudi kufanyia stage, yaani mafunzo ya kazini, upande wa Masisi. "Unataka kuniambia kule hakuna motokari?" akauliza. Nikasema, "Motokari iko, Profesere. Parkingi njo haiko." Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi tafuta kitu yenye kufanana na parkingi. Suje nimeisha kutoa." Nikatoka pale na somo lile nikiwa nimekasirika, lakini kwenye ngazi nikakumbuka uzio wa mikaratusi wa Mama Kavira kule Mweso, na malori yanavyolala mle yakingoja barabara ikauke. Nikajiona nimebahatika. Mpaka leo sipendi kukumbuka jinsi nilivyoshuka zile ngazi nikikimbia.

Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mjane, mtu wa misa ya kwanza, mwenye duka la chumvi, sabuni na misumari, na lori moja aina ya Fuso lililochakaa ambalo alilipenda kuliko jamaa zake wengi. Yadi ilikuwa nyuma ya duka. Malori yaliyoteremka na mbao toka upande wa msitu, na yale ya maharagi na viazi toka milimani, yaliingia mle kungoja siku ya soko au kungoja matope yapungue. Alinipa chumba cha stoo. Nililala kati ya magunia ya chumvi, na nguo zangu zilikuwa na unyevu siku zote, hata nilipozianika kutwa nzima. Mezani kwake tulikula bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, na siku nzuri kipande cha fromaji, ile jibini ya Masisi, kilichochomwa juu ya makaa mpaka kinavuja, akanikemea kwa sababu nilikula nikiandika. "Riziki, kula. Masini haitakimbia." Alikuwa na desturi ya kubariki chakula kwa sala ndefu, na katika sala ile alilitaja Fuso kwa jina kabla hajanitaja mimi. Nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kuniona nina akili akaniambia usoni, na mtu akikuambia hivyo ukiwa na miaka ishirini na miwili unaweza kumfanyia lolote, hata la kumwangamiza.

Mlinzi na mpangaji wa yadi alikuwa Papa Hangi, mkulima wa kilimani aliyeshuka mjini baada ya shamba lake kuwa mahali pa kupita watu wenye bunduki. Hakuwa na daftari. Shofere akiingia, Papa Hangi alimwonyesha pa kusimama kwa kidole, kisha akanyoosha kiganja, naye shofere akaweka ufunguo mle. Hakuna aliyeingia akabaki na ufunguo wake, hata awe nani. Kwenye kibanda chake kulikuwa na ubao wenye misumari iliyopigwa kwa mpango uleule wa yadi, hivyo ufunguo ulining'inia pale lilipo lori lake. Ukiuangalia ubao ule uliiona yadi nzima, pamoja na ule mstari wa katikati usiokuwa na msumari hata mmoja. Mke wake, Mama Sifa, alikaa kwenye mlango wa kibanda akichambua maharagi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa miaka, alitembea hatua kumi akapumzika, lakini mikono yake haikujua kupumzika, wala mdomo. Alinitania kila siku. "Ule muchumba wako wa chuma, hajakuoa bado?" ndivyo alivyoniuliza habari za masini. Alinikaangia sambaza, wale dagaa wa ziwani, bila kuombwa, akaniwekea kwenye sahani ya bati iliyofunikwa na sahani nyingine.

Katika kazi za namna ile kuna sehemu ambayo huwezi kuikwepa: lazima ukosoe kile kilichopo. Unaeleza watu wanafanyaje sasa, kisha unatafuta makosa, kisha unaleta masini yako kuyaponya. Usipopata makosa, huna kazi. Nilikaa wiki mbili katika yadi nikiyatafuta makosa ya Papa Hangi na sikuyapata. Hakukosea lori, hakukosea mtu, hakuchelewesha aliyetaka kutoka mapema. Direktere alinirudishia kurasa zangu akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ukosoaji ni dhaifu. Ndipo nikaingia yadini na utepe wa kupimia, nikapima njia ya katikati, toka pua ya Fuso lililosimama ukuta wa nyuma mpaka lango. Malori manne yangeenea. Nikamwendea Papa Hangi akiwa anakunywa chai.

"Papa, pale katikati, juu ya nini hamuwekake motokari?"

Alitazama kikombe. "Pale hapawekwake kitu."

"Najua Papa. Lakini sababu yake?"

"Njo vile tunafanyaka." Kisha, alipoona kalamu yangu inangoja: "Parkingi nayo inapumuaka, mutoto wangu."

Mama Sifa aliacha maharagi. "Masini yako inajuaka siku?" akaniuliza. Nikasema inajua siku, saa, hata dakika. "Hapana hizo. Siku ile ingine." "Siku gani, Mama?" Alimtazama mume wake, mume wake akaendelea kutazama kikombe. "Haya, kunywa chai yako," akasema.

Mtu aliyetoka mbali angeweza kusema hakuelewa. Mimi ni mzaliwa wa Nyamitaba. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa nimetoka nyumbani mara mbili na sufuria kichwani, milio ya bunduki nyuma yetu. Kwetu ile siku haitajwi kwa jina, hasa mlangoni na hasa mbele ya chakula, maana ukiitaja umeiita, lakini mambo yote yanapangwa kwa ajili yake: viatu vinawekwa kando ya kitanda ncha zikielekea nje, mtoto anafundishwa jina la kijiji cha babu kabla ya kufundishwa kuhesabu, na yadi inaachiwa njia. Nilielewa palepale, kabla hata chai haijapoa. Nikaenda stoo, nikaketi juu ya gunia la chumvi, nikaandika: nafasi ya katikati haitumiki, mlinzi hana sababu ya kueleza. Direktere akajibu kwa wino uleule mwekundu: vizuri sana, sasa tuko kazini.

Programu ilifanya kazi. Sitajifanya kwamba ilikuwa mbovu, ingawa ingenifaa. Mtandao wa Mweso ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo niliifanya ipokee ujumbe mfupi tu: shofere akifika kwenye kile kilima cha njiani ambako simu zote hulia kwa pamoja, anaandika namba ya gari na saa za kuingia na kutoka, na masini ya dukani inamrudishia namba ya nafasi yake. Mashofere walifurahi kama watoto. Niliwasikia kupitia ukuta wa mbao wakijigamba kama mawaziri wakila. "Mie leo nimekata place na telefone, sawa vile minisitre." "Weye minisitre wa nyanya." Mama Kavira aliwaambia wenzake wa misa kwamba binti yake ameleta Ulaya Mweso. Yadi ilijaa, na ile njia ikajaa pia, namba kumi na tatu mpaka kumi na sita. Kwa kuwa kila mtu alijua saa yake, niliandika pia kwamba hakuna haja ya kuacha funguo, kila shofere abaki na wake. Papa Hangi hakubisha. Mama Kavira alipomweleza mpango mpya aliitikia, "Ndiyo, Mama," akaenda kukaa kibandani chini ya ule ubao wenye misumari mitupu. Nilipita pale nikamsikia mke wake akimwambia kwa sauti ndogo, "Sema nao." Akajibu, "Niseme nini? Nitaje?" Nilipita taratibu ili wasijue kwamba nimesikia. Hilo nalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ilitokea siku ya soko, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Kwanza mlio ulitoka mbali, upande wa kilima, na wauza nyanya waliinua vichwa wote kwa pamoja. Kisha ukatoka karibu. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa kwetu wanapokimbia kweli hawapigi kelele, unasikia sufuria tu. Mama Kavira alifunga duka kwa kufuli mbili, akaja yadini. Mama Sifa alikuwa tayari ameshapandishwa kwenye kabini ya Fuso, mfuko wake wa plastiki mapajani, kitenge kipya kichwani. Fuso lilisimama kwenye ukuta wa nyuma, pua yake ikiitazama njia, mahali pake pa miaka yote. Mbele yake kulikuwa na malori yangu manne. Lile la langoni likatoka. La pili likatoka. La tatu lilikuwa limebeba mbao mpaka juu ya paa, breki imevutwa, milango imefungwa, na shofere wake hayupo. Alikuwa amekwenda kumwona mama yake Nyamitaba, ufunguo mfukoni, ametulia kabisa, kwa sababu simu yake ilimwambia nafasi ni yake mpaka jioni. Wanaume walisukuma. Walivunja kioo, wakashusha breki, wakasukuma tena, magurudumu yakazidi kuzama kwenye tope. Papa Hangi alitoka mbio akaingia kibandani. Nilimfuata. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye ubao, mahali ambapo msumari ungekuwapo, na mkono ukabaki pale pale juu. Alisahau tu. Kwa miaka yote kila ufunguo ulikuwa pale. Kisha akaushusha mkono, akageuka, akaniona, akanipita.

Mama Sifa ndiye aliyekata shauri. "Hangi, achana nayo," alisema toka dirishani. "Munishushe." Waliokuwa na miguu walikuwa wameshatoka. Tulimweka kwenye kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa, na wanaume wanne wakakipokezana mabegani kuelekea Kitshanga, nasi nyuma yao, Mama Kavira amebeba msalaba wa ukutani na mimi nimebeba masini yangu ndani ya mfuko, imefungwa vizuri isilowe. Ndiyo, masini niliibeba. Mvua ilirudi mchana. Barabara ile ukiwa na afya inakuchosha, naye kila mteremko ulimtikisa kama gunia. Mwanzoni alitania wabebaji kwamba ameolewa upya. Halafu akanyamaza. Tulilala kwenye darasa la shule, watu juu ya watu, na kesho yake mchana, palepale darasani, moyo wake ukasimama. Muuguzi mmoja aliyekuwa akikimbia kama sisi alisema ni mtikisiko na maji na ule ugonjwa wa miguu, vyote pamoja. Papa Hangi aliuliza swali moja tu: "Kwa motokari angefika?" Muuguzi alikuwa kijana, hakujua kudanganya. Akasema ndiyo, kwa gari angefika.

Wiki chache baadaye nilitetea kazi yangu Goma. Kabla ya hapo niliichapisha upya, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuutoa ukurasa ule wa njia ya katikati. Niliufungua. Niliusoma. Nikajiambia kwamba bila ukurasa ule sura yote haina miguu, na kwamba diploma ikikosekana Mama Sifa hatafufuka. Hoja nzuri sana, nimekuwa na miaka kumi na miwili ya kuzitazama. Nikauacha. Mmoja wa wajumbe wa jopo alisifu hasa sehemu hiyo, akasema hapa mwanafunzi ameona kile ambacho mazoea yalificha. Wakapiga makofi. Walinipa distinction, alama za juu. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Mungu na wazazi, niliandika jina la mlinzi wa yadi, kwa uvumilivu wake na hekima yake. Nakala moja yenye jalada gumu nilimtumia Mama Kavira, ambaye wakati huo alikuwa amehamia huku Itebero kuanza upya na duka la mlango mmoja. Hakunijibu. Nikasema moyoni ni barabara, barua hazifiki.

Basi sasa niko mbele ya kiti cha mianzi. Nikapiga goti kidogo kama tunavyowasalimu wazee. "Jambo yako, Papa." Alinipa mkono, mwepesi, wenye mifupa mingi. Ndani walikuwa wanaimba. Alitazama kule nilikomwacha motari.

"Nimeona umemukataza."

"Ndiyo, Papa."

"Kumbe unajuaka."

"Najuaka."

"Na ule mwaka, ulikuwa unajua?"

Sentensi yangu ya miaka yote ilikuwa pale, na nusu yake alikuwa amenitolea yeye mwenyewe. "Nilikuwa najua, Papa," nikasema. Nusu nyingine haikutoka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua tangu zamani.

"Marehemu alikuwaka na kitabu yako," akasema. "Mie sijui Kifaransa. Alinisomeaka, anageuza mu Kiswahili, mustari kwa mustari. Kurasa ya parkingi. Na ile ya mbele yenye kushukuru bantu." Wimbo wa ndani ukaisha. "Jina yangu iko pale mbele."

"Iko, Papa."

"Ya Sifa haiko fasi yoyote. Nilimwambia Mama Kavira atafute yote, hakuiona." Alinitazama kwa mara ya kwanza, bila hasira, na hilo lilinivunja zaidi. "Basi yangu nayo uitoe."

Nikasema nitaitoa. Niliahidi bure. Kitabu kile kimeshonwa, kimewekwa muhuri, kiko maktaba ya Goma chenye namba mgongoni, na wanafunzi wanaotafuta mfano mzuri wa kukosoa kilichopo hupewa hicho. Nililia pale mbele yake, naye akaniacha nilie, akageuka kuangalia mlango. Walikuwa wanamtoa Mama Kavira. Wabebaji sita waliingia kwenye njia ya katikati na jeneza, wakapita kwa hatua ndefu bila kugusa pikipiki hata moja, mpaka barabarani. Papa Hangi alisimama wakati wote huo, ameegemea fimbo. Walipokwisha kupita, vijana wawili walitaka kusogeza pikipiki zao katikati ili watoke haraka, naye akainua fimbo, wakarudi pembeni.

Wiki tatu nimekuwa nikiandika kurasa hizi na sijampelekea mtu. Nimemwita mzee yule Hangi. Si jina lake, wala halikaribiani nalo, na hakuna atakayelipata humu hata akitafuta mstari kwa mstari. Lakini Sifa ndilo jina la mke wake. Hilo nimeliandika lilivyo.